Fungu la Aliyeazimwa

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nilizaliwa Kingi, karibu na Masisi senta, kwenye vilima ambavyo ukiangusha kiazi kinabingirika hadi shambani kwa jirani. Nikasomea mifugo, nikaingia katika kazi ya serikali, nikapewa meza ofisini Masisi, na kutoka kwenye meza hiyo niliyaona malisho dirishani. Kwa hiyo siku shefu wangu aliponiita na kuniambia kwamba ninakwenda kufanya kazi Walikale, nilidhani ananitania. Walikale ni msitu. Ng'ombe wa Walikale unaweza kuwatafuta mpaka soli za viatu ziishe.

"Ni kukuazimisha tu," alisema. "Kule iko shida ya kichaa ya imbwa, na veterineri wao alikufaka. Utawasaidia kidogo, kisha utarudi."

Shefu wangu wa Masisi alikuwa mzee mpole, mwenye ng'ombe wake mwenyewe huko mlimani, mtu asiyejua kupandisha sauti. Nilimwamini. Nilichomwomba ni kitu kimoja tu, kwamba nisisahauliwe siku ya kupandishwa cheo. Nilikuwa na cheo cha atashe, na juu yangu kulikuwa na ngazi moja niliyoitaka kwa moyo wote, ile ya shefu wa biro, yaani mkuu wa kitengo. Shefu wa biro ya mifugo ndiye anayeamua chanjo zianzie kilima gani. Mwaka mmoja nilipokuwa bado shuleni, chanjo zilianzia kwa wenye makundi makubwa, na zilipofika Kingi ng'ombe wa mama yangu walikuwa wamekwisha kufa wote. Tangu siku hiyo nilijiapia kwamba kile kiti nitakikalia. Nisijifanye mtakatifu, heshima yake pia ilinikuna. Lakini nilikitaka hasa kwa sababu ya vilima vya mwisho.

"Hatuwezi kukusahau," mzee alisema, na alimaanisha.

Nikafunga mizigo, nikapanda pikipiki, tukapita Nyabiondo, tukapita Kashebere, tukasukuma pikipiki kuliko ilivyotubeba, na nikafika Walikale, mwanamke mzima, nikiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Shefu wa ofisi ya huko alinipokea mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mtoto wa wawindaji, shemasi kanisani kwake, na wote walimwita Papa Shefu. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akaingia ndani, akachukua kiti chake mwenyewe, kiti pekee chenye mgongo katika ofisi nzima, akanipa mimi. Yeye akakaa kwenye benchi. Nilikataa, akasema ukikataa unamtukana. Basi nikakaa.

Chumba nilipanga nyuma ya duka la mama mmoja kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya asubuhi kila siku, muuzaji wa chumvi, sabuni na maturubai. Lakini chakula nilikula kwa Papa Shefu zaidi kuliko kwangu. Kila waliposhika mnyama msituni, niliitwa. Nilikalishwa, nikanawishwa mikono, nikaletewa nyama iliyokwisha pikwa kwa mawese, kipande kilichonona kuliko vyote. Nilinenepa. Mama yangu aliponiona likizoni alisema inaelekea msitu haunichukii.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mbwa. Mbwa wa wawindaji wa huko hawabweki, ndiyo maana wanavalishwa kengele ya mti shingoni ili mwenyewe ajue wamekimbilia wapi. Mwanzoni hakuna aliyetaka sindano yangu. Walisema itaua pua ya mbwa. Nikawaambia nipeni mmoja tu, na asiponusa tena nitanusa mimi badala yake. Mtu mmoja alicheka, akanipa wake. Nikamchanja, akapelekwa kuwinda, akarudi na mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Baada ya hapo walinijia wenyewe, mbwa wakiwa wamefungwa kamba za magome, nami nikapewa jina la Mama wa Imbwa. Masisi ningepigana na mtu kwa jina kama hilo. Walikale nililiitikia.

Ile "kidogo" ya mzee wangu ikawa miaka. Hapo ndipo shida ilipoanza, na ilianza kimya kimya.

Sisi watumishi wa serikali kila mwisho wa mwaka tunapimwa na shefu anayetuona kazini. Anakuita, anasema ulichofanya vizuri na ulipoharibu, kisha anakupa neno lako: Elite lililo juu kabisa, Tre Bon yaani vizuri sana, Bon yaani vizuri, au lile la chini ambalo hakuna anayependa kulitamka. Tunaita kotasyo. Bila kotasyo jina lako haliendi mbele, hata uchanje mbwa wa dunia nzima. Mwaka wa kwanza sikuitwa, nikasema bila shaka Masisi wamenipima. Nilipokwenda nyumbani nikamwuliza mzee.

"Nitakupimaje na sikukuona?" alisema kwa upole wake. "Wale wanakuona kila siku njo wanakupima."

Nikarudi Walikale, nikamwuliza Papa Shefu. Alinitazama kama mtu aliyeombwa kuiba.

"Mama, weye uko mugeni wetu," alisema. "Mugeni hatumupimake. Mutu anakuya kwako, unamupa kiti, unamupa chakula, kisha unaanza kumuhesabia makosa? Hiyo iko haya."

Nikamweleza kwamba si makosa tu, na mema pia yamo. Akasema ni kitu kilekile, maana ukimsifu mgeni mbele ya watu umemwambia anaweza kwenda sasa. Hakuwa na ubaya hata chembe. Alikuwa ananiheshimu. Na mzee wa Masisi alikuwa ananiheshimu pia, maana hakutaka kusema uongo juu ya kazi ambayo hakuiona. Nilikuwa kama sufuria iliyoazimwa na jirani. Aliyeazima hatengenezi mkono wa sufuria uliolegea kwa sababu si yake, na mwenyewe hatengenezi kwa sababu haiko nyumbani. Nilikaa katikati ya watu wawili wema, na wema wao ulikuwa unanimaliza.

Kisha habari ikafika kwamba nafasi ya shefu wa biro imefunguliwa Masisi, na tume ya kupandisha vyeo itaangalia majina. Jina lililotajwa lilikuwa la kijana mmoja wa ofisini kwetu ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika sindano. Alikuwa mtu mzuri, mchapakazi, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumchukia. Yeye alikuwa na kotasyo zake zote. Mimi tangu niazimwe sikuwa na hata moja.

Nilimwambia mama wa duka jioni tukikunja maturubai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo niliona halihusiani.

"Kwa Papa Shefu waliisha kukupa nyama mubichi?"

"Hapana. Wananipikiaka."

"Basi," akasema, akaendelea kukunja. Nilimwuliza maana yake nini, akasema nimeishi huko miaka yote hiyo na macho nimeyaacha kwa ng'ombe. Alikuwa na ulimi wa aina hiyo, lakini chumvi hakuwahi kunipunja.

Maana yake niliiona Jumamosi iliyofuata. Nilikuwa nimepanda hadi kijijini kwao Papa Shefu kuchanja watoto wa mbwa, na wawindaji wakarudi mchana kweupe na nguruwe wa msituni. Papa Shefu, kwa kuwa ni mkubwa wa familia, ndiye aliyegawa. Walitandika majani ya mgomba chini, akaanza kukata. Hakuna aliyeomba na hakuna aliyebishana. Mwenye nyavu alikuwa na fungu lake, aliyepiga mkuki wa kwanza lake, mjomba lake, na kila mmoja alichukua nyama yake mbichi akaenda kupika kwake. Hapo nikamwelewa mama wa duka. Mbichi ni ya mtu wa pale. Iliyopikwa ni ya mgeni.

Lakini kabla ya mafungu yote hayo, Papa Shefu alikuwa ametoa matumbo, akamtupia mbwa mmoja mwekundu mwenye sikio lililochanika. Wale mbwa wengine walisubiri. Kisha akaweka pembeni paja moja zuri, akalifunga kwenye majani. Nikauliza ni la nani.

"Ya mwenye hii imbwa," alisema, akimwonyesha yule mwekundu. "Tuliiazima ng'ambo ya muto Lowa. Imbwa ya kuazima inakulaka ya kwanza. Ikirudi kwao na njaa, haya ni yetu. Na ile paja nitaipeleka mi mwenyewe. Siwezi kutuma mutu. Mwenyewe ataniuliza imbwa yake ilifanya nini kule pori, na nani atamujibu, kama haiko mi niliona?"

Alisema kwa fahari, na ilikuwa haki yake. Kisha akanigeukia, akatabasamu. "Mama, kaa pale kwa kiti. Yako wanaipika."

Sijui hasira ilitoka wapi. Najua nilikuwa nimeibeba muda mrefu, lakini niliamini nimeifunga vizuri. Nilisimama pale na bomba la sindano mkononi na kusema, mbele ya ndugu zake wote:

"Papa Shefu, mi niko imbwa ya kuazima."

Kwetu ukimwita mtu mbwa umemaliza undugu naye, na hapa mwanamke mtu mzima, mtumishi wa serikali, anajiita mwenyewe. Mwenye nyavu alitazama chini. Mke wa Papa Shefu alitoka jikoni na mwiko wake akasimama mlangoni.

"Masisi waliniazimisha kwenu," nikaendelea, kwa sababu nikianza sijui kuacha. "Nawinda na nyinyi. Kila mwaka munanirudisha kwetu na njaa, na hakuna mutu anaenda kumwambia mwenyewe nilifanya nini. Hii imbwa nyekundu munaiheshimu kunipita."

Uso wa Papa Shefu ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake. Akainama, akaendelea kugawa, na nyama yangu iliyopikwa ikaletwa, nikaila. Niliteremka na pikipiki nikiwa na aibu, na bado nikiwa na hasira, na ukiwa na vyote viwili kwa pamoja hujui uanze kumwomba nani msamaha. Nilijua nimeharibu. Jumapili yote nilipanga maneno ya kumwambia.

Jumatatu nilipoingia ofisini kiti changu hakikuwepo. Papa Shefu alikuwa amekikalia. Mimi niliwekewa benchi.

Nikasema kimoyomoyo, haya, umefukuzwa. Nikaketi. Alifunga mlango, akavua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Leo nakupima," alisema.

Alianza na makosa, na alikuwa nayo tayari, moto moto, kama mtu aliyeyatunza miaka yote. Nawapigia wazee kelele. Ijumaa natoroka mapema kwenda kwenye kilima chenye rezo kupiga simu nyumbani. Mvua ilipokatisha njia ya Kibua nilikataa kwenda, na yeye akaenda badala yangu bila kuniambia. Hilo sikulijua. Nikafungua mdomo nijitetee, akainua kidole. Kisha akaenda kwenye mema. Alitaja vijiji nilivyosahau kwamba nilivifikia. Alisema mwaka huo hakuna mtoto aliyezikwa kwa kuumwa na mbwa, na aliposema hivyo sauti yake ilibadilika, nikakumbuka kwamba alikuwa shemasi na kwamba hapo zamani ni yeye aliyekuwa akiwazika.

"Tre Bon," alimaliza.

"Haiko Elite?"

"Elite ningekupa kama ungekuwa mugeni."

Nilikasirika kwa muda wa kutosha kuvuka barabara. Nilipofika dukani nilikuwa nacheka peke yangu, na mama wa duka akaniuliza kama nimekunywa. Nilimwambia nimegombezwa. Akasema, "Asante Maria," akanipa sabuni ya bure, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nimjue.

Ila shida haikuisha pale. Mzee wa Masisi, nilipompigia simu, alisita. Alisema kotasyo ya ofisi nyingine tume itaitilia mashaka, watasema Papa Shefu amenipamba ili tuachane vizuri, na yeye mwenyewe atasaini vipi kitu asichokijua. Nilimweleza Papa Shefu nikiwa nimekata tamaa. Yeye hakukata. Aliuliza tu njia ya Kashebere imekauka kiasi gani.

"Si nilikuambia?" alisema. "Fungu la mwenyewe hatutumake mutu."

Tukaenda pamoja, pikipiki mbili, yeye na uzito wake wote, na penye matope aliteremka akasukuma kama kijana. Mgongoni alifunga mguu wa nyama iliyokaushwa kwa moshi, umeviringishwa kwenye majani. Nilimwambia mzee wangu ni mtu wa ng'ombe, nyama ya porini haili. Akasema kula au kutokula ni kazi ya mwenyewe, yeye kazi yake ni kuleta.

Sitaisahau ile sebule ya mzee pale Masisi. Papa Shefu alitoa mguu wake, mzee akaupokea kwa mikono miwili, akaunusa kidogo, akasema asante sana kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Kisha mzee, naye akitaka kurudisha heshima, akaagiza maziwa ya mgando, kikombe kikubwa. Papa Shefu hakuwahi kunywa maziwa maishani mwake. Alikitazama kile kikombe, akanitazama mimi, akafumba macho, akanywa nusu. Hapo nilijua kwamba watu hawa wawili wataelewana.

Mzee alianza kuuliza, na aliuliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilichanja wapi, niliwashawishi watu vipi, nilifanya nini chanjo zilipokawia. Papa Shefu alijibu moja baada ya jingine, mema na mabaya, hata ile habari ya Ijumaa hakuiacha. Ilipofika kwenye kelele zangu kwa wazee, mzee wangu alicheka, akasema, "Hiyo najua, alitoka hapa nayo." Baada ya hapo hakuwa na mashaka tena. Mtu anayekupamba hasemi kwamba unapiga kelele.

"Mi niliwazaka kama nikinyamaza namutendea haki," mzee alisema taratibu. "Sikusema uongo juu yake. Kumbe kunyamaza pia ni kumupima."

Akasaini chini ya saini ya mwenzake, na kwa mkono wake akaongeza kwamba miaka ya nyuma pia ihesabiwe, kwa maneno ya aliyeiona.

Nisikuweke roho juu. Cheo nilikipata. Tume ilitusikiliza wote, mimi na yule kijana, na yeye alinipigia simu ya pongezi kabla hata mimi sijapewa habari rasmi. Alipata zamu yake baadaye. Leo mimi ndiye shefu wa biro ya mifugo, na chanjo zetu huanzia kwenye vilima vya mwisho na kushuka. Wenye makundi makubwa wananung'unika, nawaacha wanung'unike. Na mtumishi wetu akiazimwa na ofisi nyingine, mwisho wa mwaka napanda pikipiki mwenyewe, naenda kukaa na yule anayemwona kazini, nasikiliza.

Lakini ninapokumbuka mambo hayo, siku ya cheo siyo inayonijia kwanza. Inanijia ile sebule, baada ya saini, kabla hatujajua tume itasema nini. Mzee alifunga kalamu yake, akasema kwa furaha kwamba sasa mtu wake atarudi mezani kwake.

"Nani alisema?" Papa Shefu akauliza. "Imbwa za ng'ambo ya Lowa bado."

"Yeye ni wa hapa."

"Ni wa hapa, nakubali. Ila kazi yake iko kwetu."

"Ng'ombe zangu zitachanjwa na nani?"

"Zilichanjwa na nani miaka yote hii?"

Mzee wangu, yule asiyejua kupandisha sauti, alipandisha sauti. Papa Shefu aligonga meza, maziwa yakamwagika, na nadhani hakusikitika. Nilikaa kwenye kona nikiwatazama watu wazima wawili wakinigombania, mimi ambaye kwa miaka hiyo yote hakuna aliyesema huyu ni wangu. Macho yaliniuma. Sikuyafuta, niliogopa wangeniona na kuacha.

Waliacha wenyewe walipochoka. Mzee akanigeukia, kama aliyekumbuka ghafla kwamba nimo humo ndani.

"Na weye, Mama," alisema. "Weye mwenyewe unataka nini?"

Wote wawili wakaningojea. Katika kazi yangu yote hakuna shefu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikasema nataka kurudi nyumbani, ila si kabla ya kuwachanja mbwa wa ng'ambo ya Lowa, wote, na kumfundisha mtu wa kule atakayeendelea nikiondoka. Mzee akamtazama Papa Shefu. Papa Shefu akamtazama mzee. Wakasema ni sawa, iwe hivyo, kama vile siku zote jambo lilikuwa rahisi kiasi hicho.